Usinunue Kioo, Nunua Mwanga

Kama uko hapa Malakia, Juba, au umeegesha lori Nimule ukingoja karatasi zako zigongwe muhuri, au uko Arua, Nairobi ama Bukavu, karibu tuzungumze.

Leo nawalenga wachoraji na wote wanaoshika kazi za wachoraji: mwalimu wa sanaa, mwenye duka la fotokopi anayeletewa michoro kila wiki, mhariri wa gazeti, na mama aliyefungia sandukuni michoro ya marehemu mumewe. Swali lenyewe ni la mfuko. Skana imechoka, pesa ni kidogo, sasa tununue nini?

Dalili mnazijua. Kila picha inatoka na mstari uleule kutoka juu hadi chini. Nyekundu inageuka kahawia. Mashine inakoroma inapoanza kazi. Au inawaka vizuri tu, lakini kompyuta mpya uliyonunua inakataa kuitambua. Hapo ndipo mtu anapokimbilia sokoni, anaonyeshwa sanduku linalong'aa, na muuzaji anamwambia: "Mzee, hii ni nukta 4800 kwa inchi!" Mzee analipa.

Mimi nasema subiri kidogo. Kwanza tuthibitishe kwamba marehemu amekufa kweli.

Mstari ule unaojirudia mara nyingi hauletwi na sensa iliyoharibika. Ndani ya skana, karibu na mahali kichwa kinapopumzika, kuna utepe mweupe ambao mashine huutazama kabla ya kila kazi ili ijue nyeupe ni ipi. Punje moja ya vumbi ikikaa hapo, mashine inakosea hesabu katika nafasi ile moja, na kosa hilo linavutwa ukurasa mzima. Vumbi la Juba, msikilizaji, halihitaji kualikwa. Fundi mwenye bisibisi na kitambaa laini kisichotoa nyuzi anaweza kuirudishia mashine uhai kwa gharama ya chai na nauli. Vivyo hivyo ule ukungu unaojijenga upande wa ndani wa kioo: unafutwa. Ila mkanda wa mpira uliolegea na taa iliyochoka ni habari nyingine, maana vipuri vyake ni vigumu kupatikana, na hapo ni halali kusema kwaheri.

Na ile skana ambayo kompyuta haiitambui? Hiyo mara nyingi ni nzima kabisa. Kilichozeeka ni dreva, programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza nayo. Kampuni imeacha kuitengeneza kwa ajili ya Windows mpya. Ipo programu ya kulipia inayoitwa VueScan, ambayo inazungumza na maelfu ya skana za zamani. Anayetumia Linux anaipata SANE bure. Yupo mtu anayetupa skana ya dola 200 kwa sababu ya programu, kisha ananunua mpya ya dola 70 iliyo duni kuliko ile aliyoitupa. Hasara mara mbili, na risiti anayo.

Haya, tuseme umehakikisha, skana imekufa. Sasa lije swali ambalo wengi huliruka: unaskani nini hasa?

Malakia ni mtaa wa siku nyingi, wa tangu Juba ilipokuwa mji mchanga mnamo miaka ya 1920, na kazi za mikono zimeuzwa na kununuliwa humu kwa vizazi. Ukipita leo katika mitaa yetu na kuelekea soko la Konyo Konyo utakutana na sanaa za namna nyingi. Kuna penseli na wino juu ya karatasi. Kuna mkaa. Kuna rangi za akriliki juu ya turubai lililowambwa kwenye mbao nne. Kuna vibao vya saluni na vya maduka, vimepakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Kuna kazi za shanga. Mashine moja haiwezi kuzihudumia hizi zote, na muuzaji hatakuambia hivyo kwa sababu yeye hajaulizwa.

Skana za kioo zinazouzwa madukani ni za aina mbili, na tofauti yake inafaa kuijua kabla ya kufungua pochi.

Aina ya kwanza ni zile nyembamba, nyepesi, kama Canon LiDE 300 au Epson V39. Ndani yake sensa inapita karibu kabisa na kioo, ikiandamana na taa yake ndogo. Wataalamu huiita CIS. Faida yake ni kubwa kwa mtu wa Juba: haina waya wa ukutani. Inakunywa umeme kidogo kutoka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB, kwa hiyo jenereta ikizimwa, betri ya laptop inaendelea na kazi. Bei yake pia inavumilika. Ubaya wake ni kwamba inaona kilichogusa kioo tu. Karatasi ikijikunja na kunyanyuka milimita chache, hapo panaingia ukungu. Rangi iliyopakwa nene, karatasi ya rangi ya maji iliyojaa mawimbi, ukingo wa karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine, vyote vinapotea.

Aina ya pili ni zile nene kidogo, zenye vioo vya kuakisi na lenzi ndani, kama Epson V600. Hizi ni CCD. Zinaona hata kile kilichonyanyuka kidogo kutoka kwenye kioo, na mara nyingi rangi zake zina uaminifu zaidi. Lakini bei yake ni mara tatu au nne ya zile nyembamba, na zinadai umeme wa ukutani. Ukiagiza moja ikasafiri kutoka Mombasa hadi Kampala, ikavuka Elegu na kuingia Nimule, kumbuka kwamba nyingi zina kitasa cha safari cha kukishika kichwa kisichezecheze. Mwambie anayekufungia mzigo akifunge kitasa hicho, na wewe usisahau kukifungua kabla ya kuiwasha.

Kwa hiyo mchora katuni wa gazeti, anayetumia wino juu ya karatasi bapa ya A4, hana sababu ya kujitesa. Ile nyembamba inamtosha. Mchoraji wa rangi ya maji anafaa aitafute CCD, hata ya mtumba. Na mtumba, ndugu yangu, usinunue kwa macho. Nenda na laptop yako na karatasi mbili: moja nyeupe tupu, nyingine iliyojaa weusi. Skani zote mbili hapo hapo dukani. Nyeupe itafichua mistari, nyeusi itafichua vumbi na taa iliyochoka. Kizuri chajiuza, muuzaji anayekataa ujaribu amekwisha kujibu swali lako.

Sasa turudi kwa yule muuzaji wa nukta 4800, maana tarakimu ile ndiyo inayowala watu pesa. Tufanye hesabu pamoja. Karatasi ya A4 ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi kamili, bila kubanwa, ni kama megabaiti 26, na inatosha kuchapwa kitabuni kwa ukubwa wake halisi. Ukipanda hadi nukta 600, faili linafika kama megabaiti 100, na sasa unaweza kuichapa mara mbili ya ukubwa wake, urefu na upana. Je, ukizitumia zile 4800 ulizolipia? Karatasi moja tu itazaa faili la zaidi ya gigabaiti 6. Laptop itaganda, diski itajaa, na katika faili lote hilo hutaona kitu cha maana ambacho hukukiona kwenye 600, ila nyuzi za karatasi. Nukta nyingi zina kazi yake kwa filamu za kamera za zamani, zile negativu ndogo. Kwa mchoro, 300 hadi 600 zinakutosha.

Na kazi iliyozidi A4? Hapa kuna njia tatu. Skana za A3 zipo. Nzuri zake, zile za studio, zinauzwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo tuziachie wenyewe. Njia ya pili ni kuskani vipande viwili au vinne kisha kuviunganisha, na programu ya bure ya Hugin inaifanya kazi hiyo. Siri yake ni hii: usiigeuze karatasi kichwa chini ili kipande cha pili kitoshe. Taa ya skana inamulika kutoka upande mmoja. Ukigeuza karatasi, vivuli vya chembe za rangi vinageuka, na vipande vinakataa kuoana hata ufanyeje. Ng'oa kifuniko cha skana, isogeze karatasi bila kuizungusha, na acha sehemu pana inayorudiwa kati ya kipande na kipande. Na kazi ya mkaa au chaki usiikandamize juu ya kioo hata kidogo, maana nusu ya mchoro itabaki pale.

Njia ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae mbele ya kipaza sauti leo. Ni kamera.

Watu wetu bado wanaamini kwamba skana ndiyo mashine ya heshima na kamera ni ya harusi. Lakini tazama wanaookoa nyaraka na picha katika mazingira magumu kama yetu. Maktaba ya Uingereza ina mpango wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, na umefanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2018 ulitolewa mwongozo wa kazi hiyo kwa jina Remote Capture, na humo kamera na stendi yake vimepewa nafasi kubwa. Sababu ziko wazi. Kamera haigusi kitu, inakwenda haraka, inabebeka, na inafanya kazi kwa betri.

Turudi kwenye hesabu. Nikon D3200, kamera ya mwaka 2012 ambayo leo ni mtumba, ina pikseli milioni 24. Ukiijaza fremu yake kwa karatasi ya A3, unapata takribani nukta 340 kwa inchi. Yaani A3 nzima, kwa pigo moja, kwa kiwango cha kuchapa kitabuni. Na simu yako? Simu ya megapikseli 12 inafika karibu kiwango hichohicho kwa A4, kwa hesabu ya karatasini. Kwa macho haifiki, kwa sababu lenzi yake ni ndogo na programu yake inalainisha na kunoa picha bila kukuuliza. Hata hivyo, simu iliyoshikwa vizuri, penye mwanga mzuri, inaishinda skana mbovu.

Penye mwanga mzuri. Hapo ndipo pesa yako iende, mchoraji mwenzangu. Kamera ya bei ndogo penye mwanga sawa inatoa picha ya kuaminika. Kamera ya bei kubwa chini ya taa moja ya dari inatoa doa jeupe katikati na giza pembeni.

Sikiliza jinsi ya kufanya. Laza kazi mezani au ibandike ukutani, bapa. Weka taa mbili zinazofanana, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45. Nunua taa za LED zilizoandikwa CRI 90 au zaidi. Hicho ni kipimo cha uaminifu wa rangi, na tofauti yake na taa za kawaida utaiona kwenye rangi nyekundu kabla ya zote. Weka karatasi nyeupe mahali pa picha, piga, kisha linganisha pembe nne. Zote zikiwa na weupe mmoja, uko tayari. Ili kamera iitazame kazi sawasawa bila kupinda, tumia ujanja wa mafundi: laza kioo cha kunyolea pale picha itakapokaa, kisha isogeze kamera hadi lenzi ijione yenyewe katikati ya kioo. Tumia stendi, weka ISO 100, tumia saa ya kuchelewesha ili kidole chako kisiitikise kamera, na hifadhi kwa mfumo wa RAW kama kamera inao. Rangi inayong'aa, kama ya kibao cha saluni au picha za Tingatinga za Dar es Salaam zilizopakwa rangi ya mafuta, itakurudishia mmeto wa taa machoni. Zisogeze taa pembeni zaidi, na utundike kitambaa cheusi nyuma ya kamera.

Huna pesa ya taa? Tumia kivuli cha baraza asubuhi, mbali na jua kali. Lakini angalia nini kinakuzunguka. Turubai la plastiki la bluu juu ya kichwa chako litaipaka picha nzima bluu. Udongo mwekundu mbele ya baraza utaitia wekundu kutoka chini. Na usichanganye mwanga wa nje na balbu ya ndani, maana kompyuta haitajua imsikilize nani. Weka kadi ya kijivu ukingoni mwa picha ya kwanza, nayo itakusaidia kurekebisha rangi za picha zote zilizopigwa kwa mwanga uleule.

Kuna kazi ambazo hazina njia nyingine ila kamera. Mwaka 2016 kundi la wasanii wa Sudan Kusini lilianzisha vuguvugu la Ana Taban, wakaimba, wakaigiza, wakachora michoro mikubwa kwenye kuta za hapa Juba wakidai amani. Ukuta hauwekwi juu ya kioo cha skana. Ukuta unanyeshewa, unapakwa rangi upya, unabomolewa kupisha duka. Mchoro wa ukutani unaishi kwa muda ambao mwenye ukuta anataka, na baada ya hapo kilichobaki ni picha aliyopiga mtu. Kama aliipiga ovyo, kwa pembeni, jua likiwa nyuma ya ukuta, basi ndivyo vizazi vitakavyoiona.

Mji huu una somo jingine, na hili ni la karatasi. Nyaraka za serikali za kusini, zilizoanzia mwanzoni mwa karne iliyopita, zilipita vitani, zikaonja mchwa na unyevu, na baada ya vita zikakaa miaka kadhaa ndani ya hema kubwa hapa Juba. Wahifadhi wetu, pamoja na wizara husika na taasisi ya utafiti ya Rift Valley Institute, walizitoa, wakazisafisha, wakazipanga, wakazitengenezea nakala za kidijitali. Tazama mpangilio wa kazi ile: kusafisha kwanza, kupanga pili, ndipo mashine. Sisi tunaanza na mashine, kisha tunakuwa na diski yenye mafaili elfu moja yanayoitwa IMG na tarakimu, na hakuna anayejua ni kazi ya nani wala ya mwaka gani. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo daftari. Kila kazi ipewe namba, jina la mchoraji, mwaka, vipimo na vifaa vilivyotumika. Jina la faili lianze na namba hiyo. Hifadhi faili mama kwa mfumo wa TIFF, na hilo usilitume kwa mtu. Kwa WhatsApp na kwa wateja tengeneza JPEG ndogo. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu ilale nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu, ama hata mji mwingine. Aliyekuwa Juba mapigano yalipozuka Desemba 2013, au Julai 2016, haulizi kwa nini nyumba nyingine. Alitoka nyumbani na alichoweza kukibeba mkononi.

Umeme nao usiusahau. Jenereta inapowashwa na kuzimwa, umeme unaruka, na skana ya ukutani pamoja na diski ya nje ndizo zinazoumia. Kifaa cha kutuliza umeme, au UPS ndogo, kina bei ya chini kuliko skana mpya. Na mashine ikimaliza kazi, ifunike kwa kitambaa. Nusu ya skana zinazotupwa mjini hapa zingeweza kuokolewa kwa kanga moja kuukuu. Hiyo ni imani yangu, sijaipima.

La mwisho ni ushirika. Mchoraji mmoja hutoa kazi ngapi kwa mwezi? Skana yake inalala siku nyingi kuliko inazofanya kazi, ikikusanya vumbi. Wachoraji watano wa mtaa mmoja wakichanga, wanaweza kupata skana moja ya CCD ya mtumba kwa kazi ndogo, kamera moja ya mtumba na taa mbili kwa kazi kubwa, diski mbili, na daftari moja. Viwekwe kwenye duka la fotokopi lenye umeme wa sola, mwenye duka apate chake kwa kila kazi, na Jumamosi moja ya mwezi iwe siku ya picha. Kuna watakaosema wasanii hawaelewani. Wanaelewana kwenye jenereta, wanaelewana kwenye kodi ya nyumba. Na hili litawezekana, mradi daftari la michango liwe wazi kama lile la picha.

Basi nikupe mpangilio wangu wa matumizi, kwa mwenye pesa kidogo. Kwanza fundi, aitazame mashine ya zamani. Pili diski ya nje, kwa sababu kazi ulizokwisha kuskani ziko hatarini leo kuliko zile ambazo hujaskani. Tatu taa mbili na stendi, utumie na simu uliyonayo. Nne kamera ya mtumba, ikiwa kazi zako zimezidi A4. Skana mpya nimeiweka ya tano, na ikiwa kazi zako zote ni wino juu ya A4 bapa, ipandishe hadi ya tatu. Mimi sina ugomvi nawe.

Jioni hii, kabla hujamuuliza mtu bei, zitoe kazi zako zote, uzipime kwa futi na uandike urefu, upana, na kama zinang'aa au hazing'ai. Orodha hiyo ndiyo uende nayo sokoni. Muuzaji akianza na nukta zake 4800, mwonyeshe orodha, mwambie akuoneshe mashine inayoijibu.